Kuku Wasiokufa kwa Kideri

Nilianza kumshuku mama mkwe wangu kabla wanakijiji wenzake hawajamshuku, ila mimi nilikuwa na koti jeupe na mshahara wa serikali, kwa hiyo sikuuita uchawi. Niliuita jambo la kuchunguzwa.

Nilikuwa msaidizi katika maabara ndogo ya mifugo mjini Musoma. Mume wangu alikuwa anafundisha Bunda, tukionana mwisho wa wiki basi likipatikana. Mama yake aliishi peke yake kijijini, upande wa Butiama, kwenye boma lake, mji kama wanavyoliita kwao, lenye nyumba mbili za nyasi, shamba la muhogo na mtama, na kuku. Tatizo lilikuwa hao kuku. Kila ugonjwa wa kideri ulipopita, na ulipita karibu kila kiangazi, kuku wa majirani walipinda shingo, wakaharisha kijani, wakaisha banda zima ndani ya siku nne. Wake walibaki uani wakichakura mavumbi, hawana habari.

Siku hizi watu wakisikia redioni habari za mafua ya ndege wanashtuka sana. Sisi wa enzi zile tulishashtuka zamani, maana kideri nacho ni cha virusi, na ukimwangalia kwa macho tu kuku wa kideri na kuku wa mafua ya ndege huwezi kuwatenganisha. Dawa hakuna, kuna chanjo. Lakini ilikuwa ile miaka ambayo sabuni ni kwa foleni, sukari ni kwa kibali, kanga ni kwa kujuana, na chanjo ya kuku ni ya kusimuliwa. Kwenye friji yetu ya mafuta ya taa, kwenye rafu iliyoandikwa "chanjo" ilikaa chupa ya maji ya kunywa ya bosi wangu.

Sasa fikiria wewe ni mama wa kijijini, kuku wako wote wamekufa, huna yai la kumpa mgonjwa wala jogoo wa kumchinjia mgeni, halafu ng'ambo ya mpaka wa katani unamsikia jogoo wa jirani anawika kila asubuhi. Mwaka wa kwanza utasema ana bahati. Mwaka wa tatu utaanza kuuliza kuku wako wamekufa ili wa nani wapone. Kitongoji cha pili, mama mmoja mjane alikuwa ameshachomewa nyumba kwa maneno ya namna hiyo, akakimbilia Bunda na nguo aliyovaa. Mama mkwe alimjua. Walikuwa wakichota maji pamoja.

Ndiyo maana aliniita. Nilipofika nikampigia goti, nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia, akaingia ndani akatoka na kifurushi.

"Nyie huko mjini si mnapimaga vitu?" alisema. "Pima hii. Ndiyo nawekeaga kuku kwenye maji. Ukipima, uwaletee karatasi ya serikali, waone ni dawa, siyo ile wanayosemaga."

Nikafungua. Ulikuwa unga wa rangi ya kahawia, umesagwa laini na kuchujwa. Alikuwa ameusaga makusudi ili nisijue ni mti gani. Hata mimi, mke wa mwanaye, mama wa wajukuu zake, hakuniamini hata kwa jani. Nilikasirika, lakini si sana, kwa sababu mimi nilikuwa simwamini kwa zaidi ya hapo. Tangu niolewe nilikuwa naogopa kuacha mtoto alale kwake. Nasema ukweli, nilimwogopa.

Pamoja na unga alinipa mayai, dazeni nzima, yamepangwa kwenye kikapu cha pumba. Kwao mtu hatoi dawa mkono mtupu. Halafu akaniambia jambo moja kwa sauti ya amri.

"Dawa ya mji huu haiingiagi kwenye yai la mji mwingine. Utaiweka kwenye haya. Ukiichanganya na ya watu, itakataa."

Nikasema, "Sawa mama."

Maneno hayo mawili yalinitesa miezi mingi.

Bosi wangu alikuwa daktari wa mifugo aliyesomea nje, mtu mwadilifu kupita kiasi na asiyemwamini yeyote. Kila yai lililoingia maabara alilitia sahihi yake kwa penseli, kwa sababu aliamini tunakaanga mayai ya utafiti. Hakukosea. Tulishakaanga. Nilipomwambia kuna unga wa mitishamba unaosemekana kuzuia kideri, aliuliza maswali kumi kabla ya kuunusa. Mwisho alikubali, kwa kuwa hata yeye alikuwa amechoka kuwaambia wafugaji warudi mwezi ujao.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Virusi havioti kwenye sahani, vinaota ndani ya kitu hai, na kitu hai cha bei rahisi ni yai lenye mbegu. Unaliweka yai kwenye mashine ya kuatamia siku tisa. Siku ya kumi unatoboa tundu dogo, unaingiza kwa sindano tone la virusi, unaziba kwa nta ya mshumaa. Mayai mengine unayaingizia virusi vilivyochanganywa na maji ya dawa, yaliyochemshwa na kuchujwa. Kila siku unaingia chumba cheusi, unamulika yai kwa taa. Kifaranga kikiwa hai, unaona mishipa myekundu na kitu kinachezacheza. Kikifa, mishipa inapotea, ndani panakuwa na kivuli tu.

Sharti la kwanza la daktari lilikuwa hili: mayai yote yatoke mahali pamoja, yachanganywe, ndipo yagawanywe. Mimi nilikuwa na dazeni ya mama mkwe, na dazeni nyingine niliinunua kwa mama mmoja wa Nyakato, pale pale mjini, aliyefuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba. Daktari aliponiuliza nikamjibu yote ni ya Nyakato. Akatia sahihi yake kwenye kila moja. Halafu nikatenga: ya Nyakato nikayapiga virusi vitupu, ya mama mkwe nikayapiga virusi na dawa.

Nilikuwa nimesoma. Nilijua kabisa ninachoharibu. Lakini aliyeniambia ni mama wa mume wangu, na moyoni kulikuwa na mtu mwingine, aliyezaliwa kijijini kabla ya kusoma, akininong'oneza kwamba huenda yule bibi anajua anachosema. Nikamtii huyo.

Siku ya tano mayai ya Nyakato yalikuwa vivuli vitupu, yote kumi na mawili. Ya mama mkwe yote yalikuwa hai.

Daktari alitoka chumba cheusi akiwa amevua miwani. Sikuwahi kumwona anacheka, siku hiyo alicheka. Alisema ataandika ripoti, ataipeleka mkoani, mkoa utapeleka wizarani, na nchi isiyo na fedha za kigeni itajitibia kuku wake kwa majani ya Butiama. Akaniagiza nikalete jina la mti.

Mama mkwe aligoma. "Akishalijua jani, mimi ananihitajia nini?" aliniuliza. "Mwambie aandike karatasi tu. Jani ni langu."

Nilirudi Musoma, na njiani, basi lilipoharibika Kiabakari tukakaa chini kusubiri, ndipo shaka ikanishika vizuri. Yote kumi na mawili? Katika kazi yetu hakuna yote. Sindano tulikuwa tunazichemsha na kuzirudia mpaka zimekuwa butu. Kila jaribio lazima mayai mawili matatu yafe kwa uchafu wetu wenyewe. Dawa gani hii inayoponya mpaka uzembe? Nilikaa juu ya mzigo wangu. Nilifikiri: ama huyu bibi ni mchawi, ama mimi ni mjinga. Yote mawili yalinitisha.

Daktari alipokwenda Bunda kukagua ng'ombe wa mnada, nilipata wiki tatu. Nikatafuta mayai mengine ya pande zote mbili, ya mama mkwe nikimdanganya kwamba daktari ameomba ya kula. Safari hii niliyagawa kama sharti lilivyotaka. Mayai ya Nyakato niliyoyatia dawa yalikufa sawasawa na yasiyo na dawa. Mayai ya mama mkwe niliyoyatia virusi vitupu, bila hata chembe ya ule unga, yaliendelea kuishi. Niliyamulika mara tatu nikiomba angalau nusu yake yafe. Vifaranga vilichezacheza ndani.

Sikulala vizuri siku hizo. Daktari aliporudi nilimweleza yote, pamoja na uongo wa Nyakato. Alinigombeza mpaka mlinzi akaja kuchungulia dirishani. Halafu akachukua yai moja lililo hai, akaligeuzageuza mkononi, uso ukaanza kubadilika.

"Huyu mama kuku wake aliwapata wapi?" aliuliza.

Nilijua hadithi hiyo, mume wangu aliisimuliaga. Miaka mingi nyuma kideri kiliwaua kuku wote wa mama yake isipokuwa wanne. Aliapa hatawachinja wala kuwauza, na hataingiza kuku wa mtu mwingine kwenye banda lake. Wote aliokuwa nao walikuwa watoto na wajukuu wa wale wanne.

"Basi ndiyo hiyo," alisema daktari. "Kuku aliyeugua akapona damu yake inakijua kideri. Anaipitisha kinga kwenye kiini cha yai, kifaranga anazaliwa nayo, ugonjwa ukirudi unamkuta bado ana kinga kidogo, anaugua kidogo, anapona, naye anapitisha kwa wake. Dawa si chochote. Ni kuku wenyewe!"

Nilijisikia mwepesi. Nikaona aibu kwa miaka yote niliyomshuku yule mama kwa sababu ya kuku tu. Lakini daktari alikuwa tayari anatafuta funguo za Landrover, akisema wananchi lazima waelezwe.

"Daktari," nilimwambia, "kwa nini usiseme tu kwamba dawa inafanya kazi?"

"Niwadanganye wananchi, waende kuwanywesha kuku wao majani, wafe?"

Alikuwa na haki. Sijawahi kumchukia mtu mwenye haki kama siku ile.

Mkutano ulifanyika kwenye ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alimkaribisha daktari kwa heshima zote. Mama mkwe alikaa mbele, kitenge chake kizuri begani, akisubiri karatasi. Daktari alieleza vizuri sana. Alieleza virusi, akaeleza kinga, akachora yai ubaoni kwa chaki. Akasema unga wa mama huyu wameupima na hauzuii kideri. Siri iko kwenye kuku wake.

Mzee mmoja alisimama nyuma. "Samahani bwana daktari. Umesema mmechukua mayai yake, mkayachoma sindano ya ugonjwa wenyewe?"

"Ndiyo."

"Na dawa hamkuyapa?"

"Hatukuyapa."

"Na hayakufa?"

"Hayakufa," alisema daktari, akifurahi kwamba wanaelewa.

Watu walitazamana tu, halafu wakamtazama mama mkwe, halafu wakatazama chini. Mama mmoja aliyekaa karibu naye alijisogeza, akamvuta mtoto wake pia. Mama mkwe aligeuka akanitazama mimi. Aliniomba karatasi ya kumtoa kwenye uchawi, na mimi nikamletea serikali nzima kuja kuthibitisha.

Wiki iliyofuata hakuitikiwa salamu kisimani. Asubuhi moja alikuta mafungu ya nyasi kavu yameegemezwa kwenye ukuta wa nyumba yake kwa nje, chini ya ukingo wa paa. Hayakuwashwa. Yaliwekwa ili ayaone. Mume wangu alikwenda kumchukua ahamie kwake Bunda, akakataa.

"Nikiondoka watasema nimekimbia," alimwambia. "Na kaburi la baba yako watalilima."

Kisha kideri kikaja. Kilikuja kama kawaida yake, kwenye matenga ya kuku waliotoka mnada wa Bunda. Tulipata habari kutoka vijiji vitatu kwa mpigo. Nilihesabu siku. Nilijua kuku wa majirani zake wanapinda shingo, na jogoo wake anaendelea kuwika, na kila kuwika kule ni njiti ya kiberiti. Nilimwomba mume wangu aende akamlete kwa nguvu. Alichelewa kwenda.

Siku ya nne tangu habari ile, mama mkwe aliingia maabara yetu. Alikuwa na mwenyekiti wa kijiji na kikapu kikubwa kilichofunikwa kwa gunia. Macho yake yalikuwa mekundu, na kanga kajifunga kiunoni kama mtu aliyetoka msibani. Daktari alikuwa ofisi ya mkoa kufuatilia mafuta ya taa.

"Wamekufa," mwenyekiti alinieleza kwa sauti yake ndogo, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli. "Wote. Banda zima. Mama amesema sisi tushuhudie, serikali ipime tena, iandike wamekufa na nini."

Nilimtazama mama mkwe. Yeye alitazama meza.

Nikavaa glovu ya kurudiarudia, nikamchukua mtetea wa kwanza. Mwenyekiti alijifunika pua, akasogea mlangoni. Nikampasua. Kuku wa kideri, ukifungua kile kifuko kilicho mbele ya firigisi, unakuta kimejaa vidoa vya damu. Cha huyu kilikuwa kisafi kabisa. Maini mazuri. Ndani kulikuwa na yai limeshapata ganda, lilikuwa litagwe siku hiyo. Nikapitisha kidole shingoni, chini ya manyoya, nikakuta mfupa umeachana. Nikamchukua wa pili. Naye shingo hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa jogoo.

Miaka mingi hakuwahi kuchinja hata mmoja wao bila sababu kubwa. Nilijaribu kuona alivyofanya, banda zima, mmoja mmoja, kwa mikono ile. Nikamrudisha jogoo kikapuni, nikamfunika kwa gunia.

"Umeona nini?" mwenyekiti aliuliza kutoka mlangoni.

Mama mkwe akainua macho. Hakukuwa na ombi machoni mwake, alinitazama tu, aone mimi ni nani.

"Kideri," nilisema. "Waliopinda shingo hivi, ni kideri."

Nikaandika. Nikapiga mhuri wa maabara, nikasaini badala ya daktari. Mwenyekiti aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akamwambia mama mkwe, "Pole sana mama. Sasa tumekuwa sawa wote." Nikawachoma kuku nyuma ya maabara ili daktari asiwakute. Sikumwambia kamwe.

Watu walikwenda kumpa pole. Wale wale waliogoma kumsalimia walikaa uani kwake, wakasimulia kila mtu wa kwake alivyokufa. Zile nyasi ukutani ziliondolewa, hakuna aliyesema nani kaziondoa. Na kideri kilipotulia, kwa desturi yao ya kumwanzishia mtu aliyepoteza, waliobakiwa na kitu walimletea: huyu mtetea, yule kifaranga, mwenyekiti jogoo mwekundu aliyemnunua Kiabakari.

Miaka ikapita, biashara ikaachiwa huru. Madukani Musoma vikarudi vitu, sabuni za rangi zote, na duka moja la dawa za mifugo likaanza kuuza chanjo ya kideri kwa mwenye uwezo. Nilinunua chupa, nikaifunga kwenye chupa ya chai yenye barafu, nikapanda basi. Chupa moja ilitosha kijiji kizima, tone moja jichoni mwa kila kuku. Nilitaka kumlipa yule mama.

Nilimkuta amekaa kizingitini akipepeta mtama, kuku wake wapya wanagombea pumba. Nilipomwonyesha chupa, aliuliza kwanza kama nimeshapita kwa majirani. Nikasema naanza na wake.

"Anza na wao," alisema.

Nikaenda. Nyumba ya kwanza walisema kuku hawajarudi malishoni, na kuku walikuwa miguuni pangu. Ya pili walisema baba hayupo. Ya tatu mama mmoja alinijibu kwa upole kwamba dawa inayotoka kwenye ule mji hawaitumiagi. Nilipita nyumba saba, barafu ikiyeyuka, halafu nikarudi, nikachuchumaa uani kwake nikamshika mtetea wa karibu, nikaivuta chanjo kwenye kitonesheo.

Mama mkwe aliweka ungo chini, akainuka, akamchukua yule kuku mikononi mwangu bila ukali. Alimlaza manyoya yake kwa kiganja.

"Wamekataa?"

"Wamekataa, mama."

Alimweka chini, naye akakimbilia wenzake kwenye pumba.

"Basi waache, mwanangu," alisema. "Hawa ni wazuri. Hawa wanakufaga."